Kupunga Upepo: Shamba na Pwani katika Unguja ya Masultani

Neno "kupunga" lina kazi mbili katika Kiswahili, na Waswahili huzitumia zote mbili bila ya kujiuliza zilikutana wapi. Mtu akitoka nyumbani jioni kwenda kukaa ufukweni, husemwa amekwenda kupunga upepo. Na mgonjwa aliyepandwa na shetani, akafukizwa uvumba na kupigiwa ngoma, husemwa anapungwa pepo. Frederick Johnson, katika kamusi yake iliyotoka mwaka 1939, aliyaweka matumizi hayo mawili chini ya kitenzi kimoja, ambacho asili yake ni kutikisa kitu huku na huko, kama mtu anavyopunga mkono. Isitoshe, pepo ndiyo wingi wa upepo. Mwanaisimu atasema hilo ni suala la ngeli tu. Hata hivyo, watu waliozungumza hivi kwa vizazi vingi waliona ujamaa baina ya kinachovuma nje na kinachomlemea mtu ndani, na waliona pia kwamba dawa ya wahka na jakamoyo ni kuutikisa mzigo huo mpaka utoke.

Utafiti wa zama hizi umefika hapo kwa njia nyengine. Mwaka 1982 Idara ya Misitu ya Japani ilitangaza neno jipya, shinrin-yoku, yaani kuoga msitu, ili kuwavuta watu wa mijini waliochoshwa na kazi waende wakatembee chini ya miti. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha matokeo ya kuwalinganisha wagonjwa 46 waliopasuliwa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani: nusu yao walilazwa katika vyumba ambavyo madirisha yake yalitazama miti, na nusu katika vyumba vilivyotazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walitoka mapema zaidi na walihitaji dawa kali za maumivu kidogo zaidi. Mwaka 2019 watafiti waliochambua majibu ya watu karibu 20,000 wa Uingereza waliona kwamba waliokaa penye miti, mashamba au maji kwa angalau dakika 120 kwa wiki walieleza kuwa na afya na raha ya moyo zaidi kuliko wale wasiokwenda kabisa. Yote hayo yana faida yake. Lakini katika historia ya Unguja, suala halikuwa kama miti na bahari hutuliza moyo. Hilo halikuwa na ubishi. Suala lilikuwa ni nani aliyepewa nafasi ya kutulia.

Mji wenyewe ulikuwa na sababu nyingi za kukimbiwa. Nyumba za mawe zilisongamana, vichochoro vikawa vyembamba, na pwani ndiyo iliyokuwa jaa, choo na wakati mwengine kaburi la maiti wasio na wenyewe. David Livingstone, aliyepita hapo mwaka 1866, aliligeuza jina la Zanzibar kwa kejeli likawa jina lenye maana ya uvundo. Kipindupindu kiliingia mwaka 1858, kikaja tena mwishoni mwa miaka ya 1860, na daktari James Christie, aliyeishi mjini wakati wa maradhi hayo ya pili, aliandika kitabu kizima juu yake. Wakati wa kaskazi joto lilitanda ndani ya kuta nene usiku kucha. Mwenye uwezo, basi, alikuwa na nyumba mbili: moja ya mjini kwa ajili ya biashara na siasa, na nyengine ya shamba kwa ajili ya kupumua.

Seyyid Said bin Sultan hakuupenda mji. Makao aliyoyapenda yalikuwa Mtoni, maili chache kaskazini ya mji, mahali ambapo kijito kinashuka baharini na kikapapa mahali hapo jina lake. Mengi yanayojulikana juu ya maisha ya ndani ya kasri hilo yanatokana na binti yake, Salme, aliyezaliwa hapo mwaka 1844 na ambaye kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Kwa makadirio yake, watu wapatao 1,000 waliishi Mtoni. Uani walitembea tausi, paa na mbuni. Na mbele ya nyumba, ikiielekea bahari, ilikuwapo baraza kubwa ya mviringo iliyoezekwa, ambamo watu walikunywa kahawa na kutazama majahazi.

Hapo ndipo Salme alipomwona baba yake kwa namna ambayo mabalozi hawakumwona. Anamweleza akitembea peke yake kwa muda mrefu katika baraza ile, kichwa kimeinama, amezama katika mawazo, akichechemea kwa sababu ya risasi iliyobaki katika paja lake tangu vita vya zamani. Huyu ni mtawala wa Maskati na Unguja, mwenye watoto, masuria, madeni, maasi ya Oman na shinikizo la Waingereza kichwani mwake, na tiba yake ilikuwa hatua chache za kwenda na kurudi kwenye upepo wa bahari. Watoto walimchungulia na hawakujua anachokiwaza. Alifariki mwaka 1856 akiwa chomboni, karibu na Shelisheli, akirejea kutoka Oman.

Kisa cha Salme mwenyewe ndicho kinachoonyesha vizuri zaidi shamba lilikuwa nini kwa watu wa tabaka lake. Mwaka 1859 mama yake, Jilfidan, alichukuliwa na kipindupindu. Mwaka huo huo nduguye Barghash alipanga kumpindua ndugu yao Majid aliyekuwa amekalia kiti, na Salme, msichana wa miaka 15 aliyejifundisha kuandika kwa siri, akawa mwandishi wa njama hiyo kwa kuwa kalamu yake ilikuwa bora kuliko za wengine. Njama ilivunjwa kwa msaada wa wanamaji wa Kiingereza. Barghash akapelekwa Bombay. Salme hakufungwa wala hakutozwa chochote, bali alipata adhabu ambayo katika mji mdogo ni nzito kuliko faini: watu waliacha kumjia. Upande wa Majid ulimwona msaliti, na upande wa Barghash ulikuwa umetawanyika na kulaumiana. Msichana asiye na baba wala mama, katika nyumba kubwa ya mjini, akawa hana wa kumwambia neno.

Alikimbilia shamba. Kwanza alikwenda Kizimbani, katika minazi na mikarafuu, kisha akaona kwamba bara ya kisiwa, hata ikiwa na kivuli kizuri kiasi gani, haimtoshi mtu aliyezaliwa ukingoni mwa maji. Akaitamani bahari. Akakodi nyumba Bububu, karibu na ufukwe, na kwa maelezo yake mwenyewe siku za Bububu zilikuwa miongoni mwa siku za utulivu mkubwa kabisa maishani mwake. Inafaa kukumbukwa kwamba kwa mwanamke wa cheo chake shamba lilikuwa na maana ya ziada. Mjini hakuweza kutoka mchana. Alitoka usiku, amejifunika, na watumishi wamemzunguka. Safari ya kwenda shamba ilianza kabla ya alfajiri ili macho ya watu yasiwaone mabibi, wao wakiwa juu ya punda weupe na watumwa wakikimbia pembeni. Lakini wakishafika, waliweza kutembea chini ya miti mchana kweupe. Upepo aliokwenda kuupunga mwanamke wa Kiarabu wa Unguja haukuwa wa bahari tu.

Kisha shamba hilo likamponyoka, na kwa njia ya kistaarabu kabisa. Balozi mpya wa Uingereza alihitaji nyumba ya kupumzikia nje ya mji, akaipenda ile ya Bububu, na Majid akamwomba dada yake aiachie. Salme, aliyetaka kupatana na nduguye, alikubali kwa shingo upande na akarudi katika nyumba ya mjini. Jirani yake huko akawa Heinrich Ruete, mfanyabiashara kijana kutoka Hamburg. Yaliyofuata yanajulikana: mapenzi, mimba, kutoroshwa kwa manowari ya Kiingereza mwaka 1866, ubatizo na ndoa Aden mwaka 1867, na jina jipya la Emily Ruete. Mwanahistoria asitie chumvi akasema kwamba maisha ya mtu yalipinduliwa na nyumba ya shamba. Hata hivyo, mwenyewe Salme alilikumbuka tukio hilo kwa uchungu, na msomaji wake huona kuwa hapo ndipo njia ilipopinda.

Hayo ndiyo masimulizi yaliyobaki, nayo ni mazuri. Kasoro yake ni kwamba yameandikwa na mtu aliyekuwa juu ya punda.

Mashamba ya Seyyid Said peke yake, kwa hesabu ya binti yake, yalikuwa 45, na makubwa miongoni mwao yalikuwa na watumwa mpaka 500. Mikarafuu iliingia Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 na kupandwa Mtoni na Kizimbani, sehemu zile zile mbili ambazo Salme alizipenda mno, na katika muda wa kizazi kimoja ikaenea upande wote wa magharibi wa kisiwa, wenye udongo mzito na maji. Wenyeji waliokuwa wakilima huko walisogezwa kidogo kidogo kuelekea mashariki na kusini, kwenye ardhi ya mawe. Kazi ya mashamba mapya ilifanywa na watu walioletwa kutoka bara, wengi wao kutoka pande za Ziwa Nyasa, waliopita Kilwa na kuvushwa kwa majahazi.

Kwa watu hao mti ule ule uliompa bibi kivuli ulikuwa ni kitu cha kupandwa. Mkarafuu mkubwa ni mrefu na matawi yake huvunjika kwa wepesi. Mchumaji huyavuta kwa ngoe, akajinyoosha, na akianguka haanguki pazuri. Karafuu haingoji. Kikonyo kikishaiva lazima kichumwe kabla ua halijafunguka, kisha kichambuliwe, kianikwe juu ya majamvi, na kila wingu litazamwe. Katika siku za kawaida, desturi ya Unguja ilimpa mtumwa wa shamba siku mbili kwa wiki, Alkhamis na Ijumaa, afanye kazi katika konde yake mwenyewe. Msimu wa karafuu ukifika siku hizo zilimezwa. Na hata zilipokuwapo, zilikuwa siku za kulima muhogo wa kula, kwani bwana aliyetoa siku mbili alikuwa amejiondolea gharama ya kulisha.

Je, watu hao walipungia wapi upepo wao? Hakuna aliyewaandikia kumbukumbu, lakini alama zipo. Ngoma za pepo zilizokusanya watu wa makabila mbalimbali zilistawi Unguja katika karne hiyo hiyo, na miongoni mwa pepo wenyewe wapo wenye majina na lugha za bara, mbali na wale wa Kiarabu, wa Kihabeshi na wa Bukini. Mgonjwa aliyepungwa aliweza kulia na kusema hadharani, kwa mdomo wa pepo, yale ambayo kwa mdomo wake yangemletea fimbo. Mapango ya pwani na mibuyu mikubwa ilikuwa na mizimu yake, na watu wenye dhiki walikwenda huko kutaja haja zao, wakaacha kipande cha kitambaa na uvumba. Wengine walitoroka, na neno "mtoro" likapata uzito ambao halijaupoteza. Haifai kuyaita yote hayo matembezi ya kujiburudisha. Lakini ni watu wale wale, wakiitafuta faraja katika pango, mti na maji, kwa kuwa hakuna kwengine walikoweza kuwa peke yao.

Salme aliyajua mashamba haya kwa ndani, na hakuyaona hivyo. Kitabu chake kina sura nzima inayoutetea utumwa wa Waarabu mbele ya wasomaji wa Ulaya, na ni sura ngumu kuisoma leo, khasa kwa yule aliyekwishampenda mwandishi wake kwa ajili ya kurasa za Mtoni. Haikuwa unafiki. Mtu akipata shifaa mahali fulani, si rahisi kwake kusadiki kwamba mahali hapo hapo ndipo mwengine anapougua. Wasomaji waliotaka kumwokoa Salme na sura hiyo wamekuwa wakiipita upesi. Afadhali isomwe pamoja na nyengine, kwa sababu ndiyo inayoeleza raha ya Bububu ililipiwa na nani.

Barghash, aliyerudi kutoka Bombay na hatimaye akakalia kiti mwaka 1870, aliigeuza mapumziko ya shamba kuwa ujenzi. Alianza vibaya, kwani tufani ya Aprili 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na mwaka uliofuata akalazimishwa kutia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Mwaka 1875 alizuru Uingereza. Baada ya hapo alijenga kasri la Marahubi, lililokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1880, lenye bustani kubwa, miembe, madimbwi ya mayungiyungi na mabomba ya maji ya hamamu. Chukwani, kusini ya mji, alijenga nyumba nyengine mahali paliposifiwa kwa hewa yake, akatandika na reli ndogo ya kumfikisha huko. Kwa watu wa mjini alifanya jambo lenye manufaa zaidi kuliko bustani zote hizo: aliyaleta maji ya chemchemi za Bububu kwa mabomba mpaka mjini. Mwenyewe alikuwa mgonjwa wa kifua, na hewa ya Chukwani haikumponya. Alisafiri mpaka Oman kutafuta nafuu na akafariki Machi 1888, mara tu baada ya kurejea Unguja.

Marahubi iliungua mwaka 1899. Mtoni ilikuwa imeanza kuanguka zamani zaidi. Salme, aliporuhusiwa kukitazama kisiwa tena mwaka 1885, alikuta majani yameota pale alipochezea. Amri ya kuondosha utumwa ilitolewa tarehe 6 Aprili 1897, ingawa aliyetaka uhuru ilimbidi auombe mwenyewe, na masuria waliachwa nje ya amri mpaka mwaka 1909. Wengi waliobaki mashambani waliruhusiwa kuishi na kulima chini ya mikarafuu kwa sharti la kupalilia. Wengine waliingia mjini, wakajenga vibanda vya udongo Ng'ambo, ng'ambo ya ile hori iliyoutenga mji wa mawe, ambako nyumba zilibanana na upepo wa bahari uliwafikia umechoka. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Kimarekani ilijenga reli ya karibu maili 7 kutoka mjini kwenda Bububu, ikafanya kazi mpaka mwishoni mwa miaka ya 1920. Kwa nauli ndogo, mtu wa kawaida aliweza kwenda mchana kweupe mahali ambapo binti wa Sultani alikwenda kabla ya alfajiri.

Sehemu ambayo watu wengi zaidi walikuja kuipata haikuwa shamba, ilikuwa ni ufukwe wa mbele ya Ngome Kongwe. Jina lake, Forodhani, halifichi chochote. Hapo palikuwa na forodha, na katika bidhaa zilizotozwa ushuru hapo mpaka mwaka 1873 walikuwamo watu, waliohesabiwa kwa kichwa kama pembe zilivyohesabiwa kwa uzani. Bandari mpya ilipojengwa Malindi katika miaka ya 1920 eneo hilo lilibaki wazi, na katikati ya miaka ya 1930 likafanywa bustani ya umma. Ilifanyiwa matengenezo makubwa na kufunguliwa tena mwaka 2009. Katika mji ambao hoteli zimeendelea kununua kuta zinazotazama bahari, hakuna mwenye mlango wa kuifunga.

Salme alianza kuandika kumbukumbu zake kiasi cha miaka tisa kabla ya kuchapishwa kwake, akiwa mjane Ujerumani, amedhoofika mwili na roho, akiamini kwamba hataishi kuwaona wanawe wakikua. Mumewe alikuwa amekufa mwaka 1870 kwa ajali ya tramu. Pwani ya Mtoni ilikuwa mbali na haikuwapo njia ya kuifikia isipokuwa kuiandika. Alifariki Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg katika makaburi ya Ohlsdorf pamoja na mfuko mdogo wa mchanga wa Unguja uliokutwa katika vitu vyake.

Forodhani, jua linapoelekea kuzama, vijana wa mitaa ya Ng'ambo na ya Mji Mkongwe hupanga foleni juu ya ukuta wa bahari, wakakimbia mmoja mmoja, wakajirusha majini. Wazee hukaa nyuma yao juu ya mabaraza, wameielekea bahari, na wengi wao hawasemi neno mpaka adhana ya magharibi.